Chanjo za Protini Dhidi ya Korona: Jinsi Kinga Inavyoongezwa Nguvu

Chanjo ya protini ni nini?
Chanjo ya protini, kama vile Nuvaxovid, haina virusi vya korona ndani yake. Ina nakala ya protini ya mwiba, yaani ile sehemu ambayo kirusi hutumia kujishikiza kwenye seli za mwili. Kwa hiyo chanjo hii haiwezi kumwambukiza mtu UVIKO-19.

Kwa nini huongezwa kichochezi?
Protini pekee huuamsha mwili kwa udhaifu. Ndiyo sababu huchanganywa na kichochezi cha kinga kiitwacho Matrix-M, kinachotokana na magome ya mti wa Quillaja saponaria unaoota nchini Chile. Kichochezi huziita seli za ulinzi mahali palipochomwa sindano, nazo huitambua protini na kuiweka katika kumbukumbu.

Jaribio lililofanyika Australia mwaka 2020 kwa watu wazima 131 lilionyesha tofauti hiyo. Mikrogramu 5 za protini zilizochanganywa na kichochezi zilizalisha kingamwili nyingi zaidi kuliko mikrogramu 25 zisizo na kichochezi.

Kichochezi hicho hicho kimo katika chanjo ya malaria ya R21, iliyojaribiwa Kilifi na Bagamoyo miongoni mwa maeneo mengine, na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023.

Nini hutarajiwa baada ya kuchanjwa?
Maumivu ya mkono, uchovu, maumivu ya kichwa na ya misuli ni ya kawaida, na kwa kawaida huisha baada ya siku chache. Hutokea kinga inapoamka. Asiyepata dalili hizo asidhani kwamba chanjo haikufanya kazi.

Atakayepata maumivu ya kifua, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, shida ya kupumua au uvimbe wa uso atafute matibabu ya dharura mara moja.

Nani azingatie zaidi?
Kinga hupungua kadiri muda unavyopita, na wazee pamoja na wenye maradhi ya kudumu ndio hudhurika zaidi. Idadi ya dozi hutegemea umri, afya na chanjo zilizotangulia. Ni vyema mzee aende na kadi yake ya chanjo na orodha ya dawa anazotumia, na anayehitaji mkalimani amwombe mapema.