Mihuri ya sabuni: namna tulivyotoka saa 3 mpaka dakika 45



Katika koperative yetu wamama wanapika sabuni ya mawese. Sabuni ni nzuri, lakini sokoni ilikuwa haina jina. Ukiiweka kando ya sabuni ya mchuuzi mwingine, mnunuzi haoni tofauti. Na kama kipande kibaya kimeuzwa, lawama inaangukia watu wote. Basi mkutano ukaamua: kila kikundi kipate muhuri wa mbao, wenye alama ya koperative na namba ya kikundi. Vikundi ni 12, kwa hiyo mihuri 12. Kazi ikatolewa kwetu sisi wa atelie, juu tulikuwa na mashine ya kuchonga tuliyojitengenezea.

Mashine yenyewe si kitu cha ajabu. Ni meza ya mbao, mota nne ndogo zinazosogeza, fimbo za chuma zenye meno ya bulo, na mota moja inayozungusha meshi, yaani kile kisu kinachokula mbao. Kuna pia kadi ndogo ya Arduino inayopokea amri kutoka kwa ordinatere. Kadi za namna hiyo zilianzia Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi. Programu inayoongoza mota, Grbl, ni ya bure.

Muhuri wa kwanza, wa milimita 100 kwa 70, ulituchukua saa 3 na dakika 15. Jenereta ilikuwa inanguruma wakati wote huo. Tukapiga hesabu: mihuri 12 ni saa 39 za esanse. Pesa hiyo hatukuwa nayo. Wamama wakaja kuuliza: «Mihuri yetu itaisha lini? Sabuni iko inakauka!» Na kweli, sabuni inapigwa muhuri ikianza kushikamana, wakati kidole bado kinaacha alama. Ikishakauka, muhuri hauingii. Mzee seremala wa kijiji naye akatucheka: «Watoto yangu, patasi yangu ingekuwa imeshamaliza.»

Kosa letu: kukimbiza mota

Tulifanya kile ambacho kila mtu angefanya: tukaandika mwendo mara mbili ndani ya programu. Dakika chache tu, herufi zikaanza kuhama upande. Halafu meshi ikavunjika, na kibao kizuri cha libuyu kikawa kuni.

Baadaye ndipo tulielewa. Mota hizi zinazunguka kwa hatua ndogo ndogo, kwa kawaida hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kadi inatoa amri tu. Haioni kama mota imetii. Mota ikishindwa hatua moja, kadi inaendelea kuamini kwamba iko mahali pake, na kila kinachofuata kinachongwa pembeni. Tena, kadiri mota ya namna hii inavyozunguka haraka, ndivyo nguvu yake inavyopungua. Fimbo yetu, yenye unene wa milimita 8, inasogeza milimita 1.25 tu kwa kila mzunguko. Ili itembee milimita 1,000 kwa dakika, mota lazima izunguke mara 800. Ni nyingi mno kwa mota dogo kama yetu. Kuna fimbo za kazi hii zinazosogeza milimita 8 kwa mzunguko mmoja. Anayeanza kutengeneza mashine leo atafute hizo.

Tukachukua daftari

Tulirudisha mwendo wa zamani, milimita 600 kwa dakika, na tukajiuliza: hizi saa 3 zinaenda wapi?

Kwenye muhuri, herufi zinabaki juu na mbao inayozizunguka inaondolewa, milimita 3 kwenda chini. Sisi tulikuwa tunaondoa yote kwa meshi ya milimita 1, ile ya herufi. Kila mstari ulisogea milimita 0.4 tu, basi mistari ilikuwa 175, kila mmoja milimita 100. Na kila mara tulishuka nusu milimita, kwa hiyo kazi ilirudiwa mara 6. Jumla: milimita 105,000. Kwa mwendo wetu, hiyo ni dakika 175.

Kumbe tulikuwa tunafyeka shamba zima kwa kisu cha kumenyea muhogo!

Tukaweka meshi ya milimita 6 kwa kufyeka. Mstari ukasogea milimita 2.4, mistari ikawa 30 hivi, na kina cha milimita 3 tukakimaliza kwa mara 2. Jumla milimita 6,000: dakika 10. Kisha tukafunga meshi ndogo ipite tu katikati ya herufi na kwenye kona, pale kubwa isipoingia: dakika 25. Mwendo ni ule ule, mota ni zile zile. Kilichobadilika ni njia.

Jambo la pili: kunyanyuka. Meshi ilikuwa inapanda milimita 10 juu ya mbao kila inapovuka herufi, halafu inashuka tena. Kwa muhuri mmoja tulihesabu mara 200. Mota ya kupandisha ni ya pole pole, milimita 200 kwa dakika, basi dakika 20 zilipotea hewani. Tuliweka kunyanyuka milimita 2, zikawa dakika 4. Lakini angalia: mbao iwe imenyooka kabisa, na vibano viwe nje ya njia ya meshi.

Ukijumlisha, pamoja na dakika 6 za kubadilisha meshi na kupima tena kimo chake, muhuri unaisha kwa dakika 45. Mihuri 12 ni saa 9 badala ya 39.

Kabla ya kubeba meshi kubwa

Meshi kubwa inasukuma mashine kwa nguvu. Kwa hiyo kwanza tulikaza bulo zote na kupigilia mbao za mshazari kwenye miguu na kwenye daraja linalobeba mota. Kipimo ni rahisi: zima mashine, shika mota ya meshi kwa mkono na uisukume. Ukiona inacheza, bado hujawa tayari. Mashine yako ikiwa nyepesi, tumia meshi ya milimita 3 na ushuke milimita 1 kwa mara moja. Bado utakuwa mbali sana na saa 3.

Angalia pia takataka zinazotoka. Zikiwa vumbi laini kama unga, na mbao inanuka moshi, meshi inasugua badala ya kukata, na itakuwa butu upesi. Hesabu ni hii: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya makali, mara unene wa kipande ambacho kila kali linakata. Meshi yetu kubwa ina makali 2. Kwa mizunguko 6,000 na unene wa milimita 0.05, mwendo unaofaa ni milimita 600. Kama mashine haiwezi kwenda haraka zaidi, punguza mzunguko wa meshi, usiiache iungue.

Ukitaka kuongeza mwendo, ongeza sehemu moja ya kumi tu kila mara. Funga kalamu mahali pa meshi, chora kazi nzima kwenye karatasi, kisha iamuru irudi ilipoanzia. Isiporudi kwenye nukta ile ile, mota imeruka hatua. Karatasi ni rahisi kuliko libuyu.

Na usalama: miwani machoni, kitambaa puani, mikono ya shati ifungwe. Usiache mashine peke yake. Meshi butu inaweza kuwasha vumbi, kwa hiyo ndoo ya maji ikae karibu.

Muhuri wa kwanza ulitufundisha neno moja zaidi: tulisahau kugeuza maandishi, yakatokea kinyume kwenye sabuni. Wamama walicheka sana. Muhuri ule tumeutundika ukutani ndani ya atelie.

Leo kila kipande kinatoka na namba ya kikundi chake. Kikiwa kizuri, sifa ina mwenyewe. Kikiwa kibaya, tunajua pa kuuliza. Mzee seremala naye tulimuomba msaada: yeye ndiye anayenoa na kulainisha mihuri mwishoni kwa mkono wake, maana pale mashine yetu bado haimfikii.

Ninyi pia, kabla ya kununua mota kubwa au kuongeza esanse, kaeni na daftari. Andikeni dakika zinaenda wapi. Nyingine hazihitaji nguvu, zinahitaji kuondolewa.