Mkoba Mdogo wa Kamera: Kipi Kiingie, Kipi Kibaki Nyumbani

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndiyo maana wauzaji wa mikoba ya kamera ni wepesi wa kukusifia mkoba mkubwa, wenye vyumba kumi na viwili na mikanda sita. Wao hawatakuwa nawe saa nane za mchana utakapoubeba kutoka Mkomani hadi Riyadha.

Vijana wetu wengi wa Mvita, Malindi na Amu siku hizi wanapiga picha, wengine kwa simu, wengine kwa kamera hasa. Nami kwa kuwa kazi ya kalamu imenitembeza na kamera kwa miaka mingi, huulizwa mara kwa mara: ninunue mkoba gani? Jawabu langu ni hili, ndugu msomaji: usinunue mkoba kabla hujaamua utabeba nini. Mkoba una tabia ya tumbo. Kadiri unavyopanuka ndivyo unavyodai kujazwa.

Basi tuanze na vya ndani. Kwa mtu anayetembea mjini, kamera moja na lenzi moja ya milimita 35 au 50 zatosha. Ongeza betri moja ya akiba, kadi moja ya akiba na kitambaa laini cha kufutia kioo. Mfaransa Henri Cartier-Bresson, aliyezaliwa 1908 na kufariki 2004, alizunguka nchi nyingi na kamera ndogo ya Leica na, aghalabu, lenzi moja ya milimita 50. Hata zile sehemu za kamera zilizong'aa alizifunika kwa utepe mweusi, ili watu wasimtambue upesi. Kweli, marehemu Mohamed Amin wa Nairobi, ambaye picha zake za njaa ya Uhabeshi mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu, alifanya kazi na mitambo mizito ya televisheni. Lakini ile ilikuwa kazi ya habari. Mwenye kutaka picha ya mafundi wa majahazi au ya mzee akinywa kahawa barazani hana haja ya mzigo ule.

Tukija kwenye mkoba wenyewe, yafaa kujua kwamba baadhi ya mikoba iliyosifiwa sana na wapiga picha ilitokana na mahitaji ya kawaida. Kampuni ya Billingham ya Uingereza, iliyoanza 1973, ilikuwa ikishona mikoba ya wavuvi. Wapiga picha wakaiona na kuipenda. Huko Marekani, katika miaka ya 1970, Jim Domke, mpiga picha wa gazeti la Philadelphia Inquirer, alibuni mkoba laini wa turubai kwa sababu masanduku magumu yalimchosha. Wote wawili walitufunza jambo moja: mkoba mzuri hulala ubavuni kama nguo, haukusukumi.

Kipimo changu ni cha mkono. Urefu uwe shibiri moja, kimo kipungue kidogo, na upana uwe wanda nne au tano. Mkanda uwe mpana wa vidole viwili au zaidi ili usikate bega juu ya kanzu, na uwe mrefu wa kutosha kuvaliwa kiparapara kifuani. Ukiwa mtupu, mkoba usifike nusu kilo. Halafu ujaribu hivi: katika vichochoro vya Amu, ukikutana na punda aliyebeba mawe, je, utaweza kujibana ukutani pamoja na mkoba wako? Na ukiingia msikitini, je, utaweza kuuweka mbele yako bila ya kumbana jirani yako katika safu? Ukishindwa mitihani hiyo miwili, mkoba huo ni mkubwa.

Sisi watu wa pwani tuna adui watatu ambao mikoba mingi ya madukani haikuwazia: chumvi, mchanga na unyevu. Ukivuka kwa mashua kutoka Mokowe wakati wa kusi, rasharasha za maji hukauka zikaacha chumvi, nayo chumvi hula zipu za chuma. Tafuta zipu ya plastiki au bakli za shaba, na kifuniko kinachoteremka mbele na pande zote kama upenu wa nyumba. Mchanga ukiingia kwenye meno ya zipu, huikwamisha.

Unyevu ndio mbaya zaidi, maana hauonekani. Lenzi ikifungiwa siku nyingi ndani ya sponji yenye unyevu huota ukungu, na ukungu ule huharibu ule utando mwembamba uliopakwa juu ya kioo. Kwa hiyo mkoba ni wa safari, si wa kulazia kamera. Ukirudi nyumbani itoe kamera, uuanike mkoba upepo uingie. Vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe. Kimoja au viwili mkobani hunyonya unyevu, mpaka vikishiba vibadilishwe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Mkoba hutazamwa na watu kabla ya kamera. Wenye jina la kampuni kwa herufi kubwa humwita mwizi, na humwambia mwenyeji kuwa amekuja mtu wa kuchukua. Kadhalika vile vifungio vya kunatana, vinavyolia kra-kra vikibanduliwa, havifai mahali penye kisomo au tanzia. Katika Maulidi ya Mfungo Sita, wakati watu wamezama katika kusoma, mlio ule hugeuza vichwa vya safu nzima.

Na si kila lililo zuri ni la kupigwa picha. Iko nyumba ya harusi ambamo wanawake wamejipamba na hawataki kuonekana na wasio maharimu wao, yuko mfiwa, yuko mzee asiyependa tu, na haki yake ni kutopenda. Mkoba wenye kifuniko cha wazi ni kama mlango. Ukifungwa mbele ya watu, wote hujua kuwa kamera imelala, nao huzungumza nawe kama mgeni wao. Picha zangu ninazozithamini nilizipata baada ya mkoba kukaa umefungwa kwa muda mrefu, mpaka mwenyeji mwenyewe akasema, haya, piga.

Asiyekuwa na fedha za mkoba wa dukani asihuzunike. Fundi cherehani yeyote aliyezoea turubai ataweza kukushonea. Mpe vipimo vile vya shibiri na wanda, umpelekee kipande cha sponji avike kitambaa cha pamba ndani, na kifungo kimoja cha kawaida mbele. Chagua rangi ya kahawia au ya udongo. Kisha weka ndani vile vitu vitano nilivyovitaja, na kitakachokosa nafasi kibaki nyumbani.