Nani hasa anaweza kufuta leseni ya saluni yako?

UZI. Kila msimu wa siasa ukifika, kuna mtu anapanda juu ya gari hapa Awendo na kusema: "Mkinichagua, vijana hawatalipa leseni tena!" Watu wanapiga nduru, boda wanapiga honi. Shida ni kwamba mara nyingi huyo anayesema anatafuta kiti ambacho hakiwezi hata kuigusa hiyo leseni. Na Agosti 2027 haiko mbali. Kwa hivyo tulieni nieleze. Sitataja mgombea wala chama; mkitaja huko chini ni shauri yenu.

Tuchukue dada mmoja, amemaliza kozi ya ususi, amepata chumba cha kukodi karibu na soko. Ana dryer moja, viti viwili, kioo na spika. Anataka kufungua saluni. Anahitaji karatasi gani, na kila karatasi ni ya nani?

Jina la biashara ni la serikali ya kitaifa, unasajili kwa eCitizen. Ukifanya kazi kwa majina yako kamili mwenyewe, hata hiyo haikulazimu. Hapo hakuna vita.

Vita viko kwa kibali cha biashara, na hicho ni cha kaunti. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kusimamia biashara na kutoa leseni, isipokuwa leseni za taaluma. Leseni za wanaouzia umma chakula pia zimetajwa hapo. Mbunge hana mkono hapo. Seneta hana mkono hapo, labda kwa kutunga sheria ya nchi nzima inayobana kaunti zote. Omera, hata Rais hawezi kuamka akafuta kibali cha saluni ya Awendo.

Na gavana? Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema hakuna ushuru wala ada ya leseni inayoweza kuwekwa, kuondolewa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Sio kwa maikrofoni. Gavana akisema "nimefuta" na bunge la kaunti halijapitisha chochote, kanjo atakuja Jumatatu na kitabu chake kama kawaida, na kisheria yeye ndiye yuko sawa. Bei ya kibali inakaa ndani ya Sheria ya Fedha ya kaunti, kule nyuma kwa jedwali ambalo karibu hakuna mtu husoma.

Kichekesho ni kwamba kibali hiki kilizaliwa ili kupunguza karatasi. Mabaraza ya miji ya zamani yaliletewa mfumo huu mwaka 1999, wazo likiwa kwamba mfanyabiashara alipe mara moja, apate kibali kimoja, aachwe afanye kazi. Sasa ingia duka lolote hapa mjini uhesabu karatasi zilizobandikwa ukutani. Kuna ya zimamoto, kuna ya afya, kuna ada ya bango la nje. Zimerudi moja moja kupitia mlango wa nyuma, kila moja na mstari wake kwa Sheria ya Fedha. Nairobi ilianza mwaka 2023 kuziunganisha ndani ya kibali kimoja, kwa hivyo msiambiwe haiwezekani. Bei ni kitu kingine, lakini safari za ofisi zinaweza kupunguzwa.

Kuna mambo mawili kwa kibali ambayo yanauma kuliko bei yenyewe, na sijawahi kusikia mwanasiasa akiyataja.

Kwanza ni daraja. Jedwali hupanga biashara kwa aina na ukubwa: idadi ya wafanyakazi, ukubwa wa chumba, na kibanda kina mstari wake. Afisa akikuandika "ya wastani" badala ya "ndogo", unalipa zaidi na hakuna aliyevunja sheria kwa sauti. Dada wetu ana viti viwili. Aombe aonyeshwe mstari wake kwa jedwali kabla ya kulipa. Ni haki yake. Sheria ya Haki katika Utendaji wa Serikali ya 2015 inampa hata haki ya kuomba sababu kwa maandishi, na hiyo inahusu pia siku ile dryer inabebwa kwa pickup. Na alipe kwa njia rasmi, apate risiti. Pesa ya mkononi bila risiti hujalipa kaunti, umemlipa mtu.

Pili ni kalenda. Kwa desturi ya miaka mingi kibali hufuata mwaka wa Januari hadi Desemba. Ukifungua Septemba na kaunti yako haina mpango wa kulipa nusu mwaka, unalipa mwaka mzima kwa miezi minne. Kwa biashara kubwa hiyo ni kitu kidogo. Kwa saluni ya viti viwili hiyo ni pesa ya kodi ya nyumba. Kibali kihesabiwe kuanzia siku uliyolipa: hiyo ni ahadi ambayo mimi ningeipigia makofi.

Spika sasa. Ukicheza muziki kwa wateja, sheria ya hakimiliki inakutaka ulipe mirabaha. Hiyo si kaunti. Inakusanywa na mashirika yanayopewa leseni na KECOBO, na leseni zao zina muda. Mtu akija kudai, muulize leseni ya shirika lake iko wapi na inaisha lini.

KRA nayo ni mlango mwingine kabisa. Tangu Sheria ya Fedha ya kitaifa ya 2023, TOT ni asilimia 3 ya mauzo kwa biashara inayouza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Ukiwa chini ya milioni, TOT haikuhusu. Kuna wanaokumbuka 2019, wakati KRA ilitoza asilimia 15 ya ada ya kibali cha kaunti. Hiyo iliondolewa 2020, lakini bado inatajwa kwa mikutano kana kwamba iko.

Mmeniuliza sana kuhusu gari la chakula. Hapo mambo ni magumu zaidi. Kibali kimeandikwa kwa mtu aliye mahali. Gari, au mkokoteni wa smoki, linahama. Ukitoka Awendo kwenda Rongo au Migori mjini bado uko kaunti moja. Ukivuka kwenda Ndhiwa au Rodi Kopany uko Homa Bay, serikali nyingine, sheria nyingine ya fedha. Wapishi na wauzaji wote wanahitaji cheti cha uchunguzi wa afya, ambacho hufanywa upya kila miezi sita, na biashara yenyewe inahitaji leseni ya usafi wa chakula. Hizi mimi sitaki zifutwe. Kipindupindu tumekiona Migori, si hadithi. Anayeahidi kufuta zote kwa pamoja hajafikiria nani atakagua maji unayokunywa pale steji.

Halafu kuna barabara. Awendo imekaa juu ya A1, ile ya Isebania kwenda Kisii hadi Ahero. Hiyo ni barabara ya kitaifa na hifadhi yake iko chini ya KeNHA. Kaunti haiwezi kukupa ardhi isiyo yake. Risiti ya kila siku ya soko inaonyesha umelipa ushuru, haikupi haki ya kukaa pale. Ndio maana mtu anaweza kuwa na risiti za mwaka mzima na bado awekewe alama ya X ya rangi nyekundu. Wanasiasa wa kaunti watasema ni serikali kuu, wa serikali kuu watasema kaunti ilichukua pesa. Kisheria wote wanasema kweli, na ndiyo sababu ubishi huu hauishi. Swali la kumuuliza mgombea wa kaunti ni hili: utatenga kiwanja gani ndani ya mji, chenye maji na choo, ambapo magari ya chakula yataegeshwa kihalali?

Najua kuna watakaosema kaunti inategemea hizi pesa. Ni kweli kwa sehemu. Pesa nyingi za kaunti hutoka mgao wa kitaifa, lakini vibali na ushuru wa soko ni kati ya chache inazokusanya zenyewe. Kwa hivyo anayeahidi kufuta aseme pia atakata nini.

Mahali pa kupigania haya ni Mswada wa Fedha wa kaunti. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilifutilia mbali Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Kwa hivyo kaunti zinajua lazima ziite watu. Lakini kikao kimoja nilichohudhuria, kaunti siitaji, kilikuwa siku ya kazi saa nne asubuhi. Wasusi walikuwa kazini. Waliokuja walipewa soda, na jedwali halikusambazwa.

Bajeti hupita kufikia mwisho wa Juni, na mswada wa fedha unatakiwa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya sheria ya matumizi kupita. Kwa hivyo kati ya Julai na Septemba mtafuteni MCA wenu, mwombeni nakala ya mswada pamoja na jedwali lake, na mtafute mstari ulioandikwa saluni au kinyozi. Mkiwa kumi mnatosha kuandika barua moja kwa karani wa bunge la kaunti kabla siku ya maoni kufungwa, na mhakikishe nakala yenu imepigwa muhuri wa kupokelewa.