Kawia ufike: Mkenya aliyeshindana kwenye theluji

Mtoto wa Usenge huijua barafu tangu utotoni. Huiona ufuoni, imevunjwavunjwa na kumwagiwa mbuta ili wasiharibike njiani. Ukimwambia kwamba kuna watu wazima wanaoshindana kuteleza juu ya barafu na theluji, tena wakavishwa medali, huenda akakucheka. Lakini, msomaji, yuko Mkenya aliyekwenda kushindana nao.

Huyo ni Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret, wa jamaa ya Mike Boit aliyenyakua nishani ya shaba katika mbio za mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Philip naye alikuwa mkimbiaji. Mwaka 1996 kampuni ya Nike ilimdhamini, pamoja na mwenzake Henry Bitok, waende Ufini kujifunza skii. Huko ndiko alikoiona theluji kwa mara ya kwanza, tayari akiwa mtu mzima.

Usidhani mkimbiaji hodari hapati taabu. Mapafu humsaidia, ndiyo, lakini skii ni vipande viwili virefu na vyembamba vinavyofungwa kwenye viatu, na mikono lazima isukume kwa fimbo mbili. Chini hupakwa nta inayolingana na hali ya theluji. Nta ikikosewa, theluji hunata na mwendo hukwama. Wapinzani wake walianza kujifunza haya wakiwa wadogo. Yeye alikuwa na miaka miwili tu.

Februari 12, 1998, mjini Nagano, Japani, Boit akawa Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Mbio zilikuwa za kilomita 10, na theluji siku hiyo ilikuwa ya majimaji. Bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwe alimaliza kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alikuwa bado mbali. Alianguka, akainuka, akaendelea. Alifika baada ya dakika 47 na sekunde 25, nambari 92, wa mwisho kabisa.

Lakini hakuwa peke yake. Dæhlie, aliyemaliza mashindano hayo akiwa na medali 8 za dhahabu za Olimpiki katika maisha yake, alikuwa amebaki pale akimngoja. Alimkumbatia mbele ya ulimwengu. Wakawa marafiki, na baadaye Boit alimpa mwanawe jina la Daehlie.

Wengi wangeona aibu na kuacha. Boit alirudi Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, kisha ya Turin mwaka 2006. Mwaka 2018, Sabrina Simader aliipeperusha bendera ya Kenya huko Pyeongchang, akiwa mwanamke wa kwanza wa nchi hii kwenye Olimpiki hiyo.

Wahenga walinena, kawia ufike. Mzazi, mwanao akileta ripoti ya shule akiwa wa mwisho, kabla hujafoka muulize kwanza alianzia wapi na amepita njia gani. Nawe mwanafunzi uliyetangulia, geuka umtazame anayekuja nyuma. Dæhlie hakupungukiwa na dhahabu yake kwa kumngoja Boit.