VIKAO VYA WALIMU NA UONGOZI WA SKULI: UFAFANUZI KWA WATUMISHI NA WANANCHI

Kikao cha walimu ni chombo cha kazi. Hata hivyo, mara nyingi chombo hicho hugeuzwa kuwa baraza la matangazo. Mwalimu Mkuu husoma barua zilizotoka wilayani, walimu husikiliza, muda humalizika, na kila mmoja huondoka bila ya kujua jambo analopaswa kulitekeleza. Makala haya yanafafanua namna viongozi wa walimu wanavyoweza kujenga umoja wa kazi na kuendesha vikao vyenye manufaa. Mfano umechukuliwa katika mazingira ya Kasingirima, kata iliyopo Ujiji, Mkoa wa Kigoma.

Kwa msomaji wa Visiwani, Ujiji si mji mgeni. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa kituo kikubwa cha misafara iliyotoka mwambao unaokabiliana na Unguja, na kwa njia hiyo Kiswahili na dini ya Kiislamu vilikita mizizi kandoni mwa Ziwa Tanganyika. Hivi leo Ujiji ni sehemu ya Manispaa ya Kigoma Ujiji. Kama ilivyo katika vijiji vya pwani vya Unguja na Pemba, maisha ya huko yanafuata maji na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi inapong'ara, wavuvi hupumzika na kutengeneza nyavu zao.

Jambo hilo linahusu skuli moja kwa moja. Utoro ni mfano unaotosha. Katika kikao cha matangazo, kiongozi hueleza kuwa utoro umezidi, huwalaumu wazazi, kisha huendelea na jambo jingine. Katika kikao cha kazi, walimu wa madarasa huja na daftari za mahudhurio na kuzilinganisha na siku za mwezi. Ikiwa watoto wanakosekana zaidi katika siku zinazofuatia usiku wa giza, wakati ambapo dagaa huanikwa, chanzo kimeanza kuonekana, na mazungumzo na wazazi yatakuwa na msingi. Ikiwa hakuna uhusiano wowote, chanzo kitafutwe kwengine. Kwa vyovyote vile, mtoto anayekosa siku kadhaa katika kila mwezi wa darasa la kwanza yumo hatarini kufika madarasa ya juu bila ya kujua kusoma.

Kazi ya namna hiyo haiwezi kufanywa na mtu mmoja. Mwalimu Mkuu anayeshika kila jambo mkononi mwake huifanya skuli isimame siku anapoitwa wilayani. Mwalimu Mkuu Msaidizi, mwalimu wa taaluma, mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa zamu kila mmoja ana dhamana yake. Umoja wa kazi hujengeka pale dhamana hizo zinapotajwa wazi, mhusika anapopewa mamlaka ya kuamua katika eneo lake, na anapotakiwa kutoa taarifa mbele ya wenzake. Aidha, mwalimu mgeni apewe nafasi ya kusema kabla ya wakubwa, kwani mkubwa akishatoa rai yake wadogo huona haya kuipinga.

Ushirikishwaji huo una msingi wa kisheria. Tanzania Bara, Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978 iliweka Kamati za Shule kwa skuli za msingi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, uliziongezea kamati hizo wajibu wa kupanga na kusimamia fedha zinazofika skuli. Mkoa wa Kigoma vilevile ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyomo katika mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014 hadi 2020, ambao pamoja na mambo mengine ulianzisha vikundi vya Ushirikiano wa Wazazi na Walimu.

Ili kikao cha walimu kilete matunda, mambo yafuatayo yanafaa kuzingatiwa:

(a) Ajenda zitolewe angalau siku mbili kabla, nazo ziwe chache. Matangazo yabandikwe ubaoni. Kikao kibakishiwe mambo yanayohitaji maamuzi.

(b) Kikao kianze na kumalizika kwa saa iliyotajwa, bila ya kula muda wa vipindi vya wanafunzi.

(c) Kuwe na mwenyekiti na katibu. Si lazima Mwalimu Mkuu aongoze kila ajenda. Suala la mitihani laweza kuongozwa na mwalimu wa taaluma.

(d) Kila uamuzi uandikwe pamoja na jina la mtekelezaji na tarehe ya kukamilisha. Uamuzi usio na jina hauna mwenyewe.

(e) Kikao kinachofuata kianze na yatokanayo. Aliyetekeleza ashukuriwe, aliyekwama aulizwe kilichomkwamisha na asaidiwe, bila ya kuaibishwa.

Mikutano ya wazazi nayo inahitaji busara ya kuchagua siku. Kandoni mwa Ziwa Tanganyika, mkutano ulioitishwa wakati wa giza utawakosa wavuvi waliokesha ziwani. Ule wa wakati wa mbalamwezi utawapata. Vilevile kamati haina budi kuzingatia hali ya kipato. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, 2024, uvuvi katika ziwa hilo ulisitishwa ili samaki wapate kuzaliana. Katika kipindi kama hicho, kuwataka wavuvi michango ya chakula cha wanafunzi bila ya kwanza kushauriana nao ni kupanga jambo lisilotekelezeka.

Hapa Visiwani kanuni ni hiyo hiyo, ingawa kalenda ina tofauti. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana asubuhi, akinamama wakulima wa mwani huwa pwani; mkutano wa asubuhi utawakosa, na ule wa jioni utawapata. Kamati ya Skuli ikishirikiana na Sheha yaweza kuipanga mikutano ya mwaka mzima kwa kuangalia mwezi na maji, badala ya kuwalaumu wazazi kwa kutohudhuria.

Kushauriana ni desturi kongwe katika jamii zetu, na imehimizwa na dini. Linalotakiwa ni kuipa desturi hiyo utaratibu: ajenda iliyo wazi, daftari la kumbukumbu, na mtu anayewajibika kwa kila jambo. Wananchi nao wana haki ya kuuliza, katika kila mkutano wa skuli, ni yapi yaliyoamuliwa mara iliyopita na yapi yaliyotekelezwa.