Akiba Haiozi, Lakini Chachu Huchoka

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Sina nia ya kuwapinga wahenga, maana waliyaona mengi kabla yetu. Hata hivyo, yafaa tujiulize ni akiba ya namna gani waliyoikusudia. Mahindi yaliyokauka vyema ghalani humngoja mwenyewe. Fedha iliyofungwa katika pindo la leso nayo humngoja. Lakini ipo akiba ambayo ni kiumbe hai: hula, hukua na, isipoangaliwa, hufa. Akiba hiyo ni chachu. Leo, ndugu msomaji, nakusudia kueleza jinsi chachu ya mkate mtamu inavyoweza kugandishwa katika friza ya nyumbani na jinsi inavyohuishwa, kisha nitoe hoja kuhusu lugha tunayoitumia kuwaeleza wanafunzi mambo kama hayo.

Tuanze na maneno yenyewe. Kiswahili kina majina mawili ya kitu kinachoumua unga. La kwanza ni hamira, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa pia jina la mahamri. La pili ni chachu, ambalo linatokana na kitenzi chacha. Uji huchacha, togwa huchacha, na bahari inapochafuka husemwa kuwa imechacha. Siku hizi wengi wetu tunaposema hamira huwa na maana ya zile chembechembe kavu zinazouzwa dukani katika pakiti. Kwa hiyo katika makala haya hamira itakuwa hiyo ya pakiti pamoja na kijiumbe kilichomo ndani yake, nayo chachu itakuwa ule unga mbichi wenye uhai ambao mwokaji huubakiza leo ili aokee kesho.

Mfano mashuhuri wa chachu tamu unatoka Marekani. Huko kuna mkate uitwao mkate wa urafiki wa Waamishi, ukinasibishwa na jumuiya ya Kikristo ya wakulima ambao wengi wao wanaishi katika majimbo ya Pennsylvania, Ohio na Indiana, ingawa wanaouoka wengi si Waamishi. Ujerumani nayo ina chachu tamu ya jinsi hiyo, ambayo imepewa jina la mtu, Hermann, na hupitishwa kutoka jirani hadi jirani. Ya Marekani huanzishwa kwa hamira kidogo iliyoyeyushwa katika maji ya uvuguvugu, kikombe kimoja cha unga wa ngano, kimoja cha sukari na kimoja cha maziwa. Mchanganyiko huo hukorogwa kila siku. Siku ya 6 hulishwa unga, sukari na maziwa kwa kiasi kile kile. Siku ya 10 hulishwa tena, kisha hugawanywa mafungu manne: moja hubaki na mwenyewe, na matatu hupewa marafiki.

Hapo ndipo hesabu inapoingia, na walimu wa hisabati wanisikilize. Iwapo kila apokeaye fungu ataifuata desturi hiyo bila kukosa, fungu moja litazaa manne baada ya siku 10, 16 baada ya siku 20, 64 baada ya siku 30, na kufikia siku ya 50 yatakuwapo mafungu 1,024. Hakuna mtaa wenye marafiki wa kutosha kuyapokea. Basi mwenye chachu hujikuta na mambo matatu ya kuchagua: aendelee kuilisha na kutumia sukari bila kikomo, aimwage, au aigandishe. Wengi huchagua la tatu, wakidhani kwamba friza ni ghala kama ghala jingine. Sivyo.

Ili tuelewe ni kwa nini, lazima tujue ni nani wanaoishi ndani ya chachu. Wa kwanza ni kuvu wa seli moja ambaye wataalamu humwita Saccharomyces cerevisiae. Huyu hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na kabonidioksidi, ambayo pia huitwa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ndiyo inayotunisha unga. Wa pili ni bakteria watoao asidi ya laktiki, ambao kadiri siku zinavyopita huzaana ndani ya mchanganyiko na kuutia ukali wa kupendeza. Mwaka 1857 Mfaransa Louis Pasteur alipoanza kutangaza kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, mabingwa wa kemia wa Ulaya, akiwamo Justus von Liebig wa Ujerumani, walikuwa wakishikilia kwamba ni uozo wa kikemia tu. Pasteur ndiye aliyekuwa na haki, na friza hutuonyesha hivyo kila siku, maana baridi haiui kitu kisichokuwa na uhai.

Chachu inapowekwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, maji yaliyomo hugeuka barafu. Friza ya nyumbani hugandisha polepole, na kuganda polepole hufanya vipande vikubwa vya barafu. Maji ya nje ya seli yakishaganda, maji ya ndani huvutwa kutoka, seli ikasinyaa. Na barafu yenyewe huweza kuutoboa utando wa seli. Hamira ina kinga yake, nayo ni sukari ya aina ya trehalosi ambayo huihifadhi ndani ya seli na ambayo hulinda utando usiharibike. Hata hivyo, kinga hiyo haitoshi kuwaokoa wote. Kila siku wanaolala humo baadhi hufa, na seli zilizokufa huvuja kemikali inayoulegeza unga. Ndiyo maana nikasema chachu huchoka. Kugandisha ni kuomba muda, na muda huo una gharama.

Gharama hiyo inaweza kupunguzwa. Kwanza, gandisha chachu ikiwa na nguvu, wala usingoje hadi imenyong'onyea. Ilishe, ikoroge, uigawe, na uitie katika friza papo hapo kabla haijaanza kuchacha kwa kasi, kwani hamira iliyokwisha kuingia kazini huistahimili baridi kwa shida zaidi kuliko iliyopumzika. Pili, gawa kikombe kimoja kimoja katika mifuko imara ya plastiki, uilaze bapa ili baridi ipenye upesi, na uache nafasi kidogo kwa sababu maji hutanuka yanapoganda. Tatu, andika tarehe. Nne, iweke nyuma kabisa, mbali na mlango, pahala ambapo joto halipandi na kushuka kila friza inapofunguliwa. Tano, itumie kabla ya miezi mitatu kupita. Baada ya hapo huenda ikafufuka, lakini utakuwa unabahatisha.

Hapa kwetu kuna adui mwingine ambaye vitabu vya mapishi vya ng'ambo havimtaji, naye ni kupotea kwa umeme. Chachu iliyoyeyuka usiku na kuganda tena alfajiri huwa imepigwa mara mbili. Ukiikuta imeyeyuka, usiirudishe katika baridi. Ilishe siku hiyo hiyo uanze upya. Na asiye na friza asikate tamaa. Apake chachu kwa wembamba juu ya karatasi safi ya kuokea, aiache ikauke kivulini penye hewa mpaka ivunjike kama kigae, kisha aisage na kuihifadhi katika chupa kavu. Kwa kazi hii ni afadhali kwanza ailishe mara chache kwa unga na maji matupu, kwa kuwa yenye sukari nyingi hunata na kukataa kukauka, na maziwa nayo huharibika.

Sasa tuje kwenye kuhuisha, ambako haraka haina baraka. Toa mfuko katika friza uuweke katika sehemu ya kawaida ya jokofu usiku kucha. Au, ikiwa una shughuli ya siku hiyo, uweke mezani kwa muda wa saa tatu au zaidi. Usiutumbukize katika maji ya moto. Hamira huanza kufa joto linapokaribia nyuzi 50, na iliyojeruhiwa haihitaji hata kufika huko. Ikishayeyuka, imimine katika chombo cha kioo, cha plastiki au cha udongo. Sufuria zetu za alumini hazifai kwa kuikalisha, kwa sababu asidi huila alumini. Ila ule mwiko wa kwamba kijiko cha chuma chochote huiua chachu hauna msingi. Kijiko kisichoshika kutu hakina madhara.

Mlo wa kwanza uwe mwepesi. Mpe mgonjwa nusu kikombe cha unga, nusu ya maziwa yenye uvuguvugu mdogo, na sukari kijiko kimoja tu. Sababu yake ni hii: sukari nyingi huvuta maji kutoka ndani ya seli, jambo ambalo wataalamu huliita osmosisi, na seli iliyotoboka haina nguvu za kushindana na mvuto huo. Ndiyo maana hata donge la mahamri lenye sukari nyingi huchelewa kuumuka. Baada ya saa 12 lisha tena na uongeze sukari. Baada ya saa 12 nyingine lisha kwa kiasi chake cha kawaida. Mombasa yenye joto inaweza kuleta mapovu mchana huo huo, ilhali Limuru itakutaka usubiri mpaka kesho. Angalia dalili, wala usitegemee saa ya ukutani: mapovu yanayopanda bila kukoma, na harufu tamu yenye ukali wa mbali. Maji yakijitenga juu, yakoroge tu. Lakini ukiona rangi ya waridi au ya machungwa, au ukungu wenye manyoya, au ukinusa uvundo, mwaga yote bila huruma. Kuchacha si kuvunda, na maziwa yaliyovunda hayana msamaha.

Wapo wanaokosa subira na kutia hamira ya pakiti katika chachu iliyolala. Mkate utaumuka, sikatai. Ila wajue kwamba hapo hawakuhuisha chochote. Wamemweka mgeni kitini pa mwenye nyumba.

Ndugu msomaji, tazama nyuma uone tulikopita. Tumezungumzia seli, utando, asidi, osmosisi, kuvu na bakteria, na sidhani kwamba kuna mahali ambapo Kiswahili kilitukwama kooni. Mwaka 1990 iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Istilahi zipo. Kinachokosekana ni vinywa vya kuzitumia. Katika shule zetu sayansi hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyakariri majina, hupita mtihani, kisha hurudi nyumbani asiweze kumweleza mama yake ni kwa nini donge la mahamri limechelewa. Maarifa yake yamegandishwa, na istilahi zetu vilevile zimegandishwa katika kamusi, zikitolewa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, zikasifiwa, kisha zikarudishwa katika baridi. Nazo pia huchoka. Istilahi isiyotamkwa kwa kizazi kizima haifufuki kwa sherehe ya siku moja. Hufufuka kwa kulishwa kidogo kidogo, leo sentensi moja, kesho aya nzima.

Simtaki mwalimu yeyote aivunje sera ya shule yake. Namwomba jambo dogo linalowezekana katika muhula mmoja. Mwalimu wa Kiswahili na mwenzake wa sayansi wachukue chachu moja waigawe mafungu matatu: la kwanza libaki mezani likilishwa, la pili ligandishwe wiki mbili, la tatu ligandishwe, liyeyushwe na kugandishwa tena. Siku ya kuhuisha, wanafunzi watie kila fungu katika gilasi, wafunge uzi mahali lilipofikia, wapime kupanda kwake kila saa, kisha waandike ripoti kwa Kiswahili. Watatafuta neno la kila walichokiona, na watagundua kwamba mengi walikuwa nayo tangu utotoni. Mkate utakaookwa na fungu litakaloshinda uliwe na darasa zima, na chachu itakayosalia wapewe darasa linalofuata.