Kuta au mabomba? Somo la Dandora kwa ushuru wa nyumba

Mfanyakazi wa mshahara wa Sh40,000 hukatwa Sh600 kila mwezi za ushuru wa nyumba, na mwajiri wake huongeza Sh600 nyingine. Hiyo ndiyo asilimia 1.5 kwa kila upande iliyowekwa na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, iliyotiwa saini Machi 19 mwaka huo baada ya ushuru wa kwanza, ule wa Sheria ya Fedha ya 2023, kuharamishwa na Mahakama Kuu. Tangu hapo watu wamebishana kama kukatwa huko ni haki au si haki. Sisi tunaoshughulika na mipango ya makazi tuna swali jingine: zikishakatwa, hizo Sh1,200 zinunue nini?

Nyumba ya mjini hugharimu mambo manne: ardhi yenye karatasi halali, miundombinu ya maji, majitaka, barabara na stima, fedha za kukopa, na jengo lenyewe. Serikali inaweza kutia mkono kwenye lolote kati ya hayo, lakini jungu la umma haliwezi kupunguza gharama zote kwa kila mtu kwa mara moja. Lazima ichague. Na hakuna mahali pazuri pa kuona matokeo ya uchaguzi huo kuliko Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kwa kuwa mbinu karibu zote zimewahi kujaribiwa huko.

Nyumba za kanjo na nyumba za mkopo

Mbinu ya kwanza ni serikali kujenga, kumiliki na kupangisha. Kaloleni, Ziwani, Bahati, Maringo, Ofafa na Jericho zilipatikana hivyo, nyingi kati ya miaka ya 1940 na 1960, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani na wa mji. Kodi ilikuwa ya chini na ikabaki chini kwa miongo mingi. Karani au kibarua aliweza kukaa karibu na kazi, na watoto wakapata viwanja vya kuchezea. Lakini kodi isiyotosha kununua bati jipya haiwezi kukarabati mtaa. Kanjo, yaani baraza la jiji, ikashindwa kutunza nyumba zake, na wapangaji wakajiongezea vyumba vya mabati uani na kuvipangisha kwa bei ya soko. Ruzuku iliyokusudiwa mpangaji wa kipato kidogo ikageuka biashara ya aliyeshika ufunguo.

Mbinu ya pili ni kusaidia mkopo. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano, kuanzia 1973 hadi mapema miaka ya 1980, kwa fedha zilizotoka katika shirika la maendeleo la Uingereza, na wanunuzi wakalipa polepole kwa mikopo ya muda mrefu. Nyumba zake bado zimesimama imara, ingawa nyingi zimeotesha duka mbele na vyumba vya kupangisha pembeni. Kikwazo ni kwamba mkopo wa namna hii humtafuta mwenye hati ya mshahara. Hadi leo mikopo ya nyumba katika benki za nchi nzima ni takriban 30,000 tu. Kampuni ya KMRC iliyoanzishwa 2018 huzipa benki na sacco fedha za riba nafuu ili nazo ziwakopeshe wananchi, na imewasaidia baadhi ya walioajiriwa. Muuza mitumba wa Gikomba, ambaye kipato chake hupanda na kushuka kila wiki, bado yuko nje ya mlango.

Choo na bafu kwanza

Mbinu ya tatu ndiyo iliyoifanya Dandora. Mwaka 1975 serikali, Benki ya Dunia na Baraza la Jiji la Nairobi zilikubaliana kuandaa ploti 6,000 zenye ukubwa wa mita za mraba 100 hadi 160. Waliolengwa walikuwa wenye kipato cha kati ya Sh280 na Sh650 kwa mwezi. Aliyebahatika kupata ploti hakupewa nyumba. Alipewa ardhi iliyopimwa na yenye njia ya kuifikia, na juu yake kijengo kimoja kidogo: choo na bafu, vimeunganishwa na bomba la maji safi na la majitaka. Ploti nyingine zilikuja na jiko na chumba kimoja au viwili. Kilichobaki kilikuwa juu ya mwenyewe, akisaidiwa na mkopo mdogo wa vifaa vya ujenzi.

Tazama ploti ya namna hiyo inavyokua. Mwenyewe huanza na chumba kimoja, akahamia humo kabla kuta hazijapigwa plasta, ili aache kulipa kodi kwingine. Chumba cha pili hukipangisha, na kodi yake hununua mawe, mchanga na saruji ya chumba cha tatu. Vyumba huzunguka ua, choo ni cha wote, kamba za kuanikia nguo hupita juu ya ua kutoka ukuta hadi ukuta. Baada ya miaka michache mwenye ploti amekuwa landilodi mdogo anayeamka pamoja na wapangaji wake na kupanga foleni nao bafuni. Wengine Dandora walijenga kwa vikundi: walichanga kila mwezi, wakamaliza chumba cha mwanachama mmoja, kisha cha mwingine, kwa zamu.

Angalia kilichofanyika hapo kifedha. Serikali ililipia sehemu ambayo mtu binafsi hawezi kujifanyia hata akiwa na akiba. Fundi na vibarua wawili wanaweza kuinua chumba kwa muda mfupi, lakini hakuna familia inayoweza kuchimba peke yake mfereji wa majitaka hadi kwenye mtambo wa kuyasafisha. Mwananchi naye alilipia sehemu anayoweza kuigawa vipande vipande: mawe leo, madirisha mwakani, plasta Mungu akijalia. Fedha za umma zilizolala chini ya ardhi ziliita fedha za watu zije juu yake.

Hata hivyo Dandora haikubaki kama ilivyochorwa. Masharti ya mradi yalizuia kuuza mapema, lakini ploti zilibadilisha mikono kwa makubaliano ya kando. Wengi waliogawiwa walihamia kwingine wakabaki wakipokea kodi. Kisha zikaja ghorofa. Mathare Kaskazini, Kayole na sehemu za Umoja, mitaa iliyopangwa kwa nyumba za chini, iligeuka safu za majumba ya vyumba vya kupangisha, ngazi nyembamba na korido zisizoona jua. Mtafiti Marie Huchzermeyer, katika kitabu chake cha 2011, aliifananisha Nairobi hii na Berlin ya karne ya 19, ambako pia wafanyakazi walijazwa katika majumba ya vyumba vya kodi.

Piga hesabu rahisi. Ploti ya mita za mraba 120 ilichorwa kwa familia moja na wapangaji wachache. Weka juu yake sakafu tano zenye vyumba vinane kila moja, unapata vyumba 40. Bomba la majitaka ni lile lile. Likifurika, maji machafu hutoka barabarani, na lawama huangukia wapangaji wakati chanzo ni idhini iliyotolewa bila kuhesabu vyoo, au jengo lililoinuliwa bila idhini kabisa. Na msingi usiokaguliwa ukibebeshwa ghorofa, watu hufa. Jengo lililoporomoka Huruma usiku wa Aprili 29, 2016, karibu na mto, liliua watu takriban 50.

Je, hiyo ina maana kwamba kumpa mtu ploti yenye bomba ni kosa? Ushahidi wa jirani zetu unasema la. Dar es Salaam ilipata mradi wa aina hiyo hiyo, tena kwa fedha za Benki ya Dunia, katika miaka ya 1970, na Sinza na Kijitonyama ni matunda yake. Watafiti wakiongozwa na Guy Michaels walilinganisha maeneo ya Tanzania yaliyopimwa na kuwekewa huduma kabla ya watu kuhamia na maeneo ya jirani ambayo nayo hayakuwa na watu mwanzoni lakini hayakuandaliwa hivyo. Katika matokeo waliyochapisha 2021, maeneo yaliyotangulizwa miundombinu yalikuwa na nyumba kubwa zaidi, mpangilio bora na ardhi yenye thamani zaidi, miongo kadhaa baadaye. Walibaini pia kwamba, kwa jumla, maeneo hayo yalivutia wakazi wenye elimu zaidi. Kwa hiyo mabomba hudumu. Kinachoponyoka ni nani anayefaidi, na hilo ni suala la usimamizi.

Nyumba inayojua itakua

Mbinu hii ilipata sifa duniani kupitia Chile. Mwaka 2004 msanifu Alejandro Aravena na wenzake waliwajengea familia 93 za mjini Iquique nusu ya nyumba: nguzo, paa, ngazi, choo na jiko, na nafasi tupu ya kuongeza vyumba. Mwaka 2016 Aravena alitunukiwa tuzo ya Pritzker. Wakazi wa Dandora walikuwa wameanza na choo na bafu karibu miaka 30 kabla yake. Tofauti ni kwamba Iquique ilichora mapema mahali ambapo nyongeza itakaa na mahali ambapo itakoma.

Hapa Eastlands pana mfano uliofanya vivyo hivyo, nao hauzungumzwi vya kutosha. Katika vijiji vya Huruma, kikiwemo Kambi Moto, wanachama wa Muungano wa Wanavijiji walijihesabu wenyewe, wakachora ramani ya vibanda vyao na kuweka akiba kila siku. Mwaka 2003 Baraza la Jiji lilikubali wajenge hapo hapo walipokuwa, kwenye ardhi ya umma, kwa viwango maalum badala ya vile vya kawaida vilivyodai ploti kubwa ambayo isingewatosha wote. Kila familia ikapata nafasi ya takriban mita 4.5 kwa 4.5. Nyumba huanzia chini na kupanda hadi sakafu ya tatu kadiri mfuko unavyoruhusu. Sakafu za juu hukaa juu ya vipande vya zege vilivyotengenezwa na wakazi wenyewe, waliojifunza kwa wenzao wa India, vyepesi kiasi cha kubebwa kwa mikono bila winchi. Wanawake wengi ndio walioshika madaftari ya akiba, na wao hao wakachanganya zege.

Mchango mkubwa wa serikali pale haukuwa fedha. Ulikuwa ruhusa: ardhi, viwango vinavyolingana na mfuko wa watu, na mchoro unaojulikana mapema. Upungufu wake ni kasi. Bila fedha nyingi za umma, kundi la nyumba chache huchukua miaka.

Ushuru unakokwenda sasa

Mpango wa leo umechagua kujenga jengo zima. Sheria ya 2024 inagawa walengwa kwa kipato: chini ya Sh20,000 kwa mwezi ni nyumba za kijamii, kutoka hapo hadi Sh149,000 ni za bei nafuu, na waliozidi hapo wana kundi lao. Mukuru, ambako nyumba 13,248 zilipangwa, ufunguo wa nyumba 1,080 za kwanza ulikabidhiwa Mei 20, 2025. Bedsita ya mita za mraba 20 iliwekewa malipo ya Sh3,900 kwa mwezi, na mlipaji huwa mmiliki mwishowe. Kwa aliyekuwa akilipa kodi ya chumba cha mabati na kwenda choo cha kulipia, hayo ni mabadiliko makubwa, na asiyeyaona hajawahi kuishi huko.

Lakini weka takwimu hizo kando ya nyingine. Eneo la Mukuru ambalo kaunti ililitangaza 2017 kuwa la mpango maalum lina kaya zipatazo 100,000. Hata nyumba zote 13,248 zikipewa watu wa hapo hapo, zitatosha chini ya kaya moja kati ya saba. Na bedsita ya ghorofa ya nane haiongezeki. Mtoto akikua hakuna pa kumjengea chumba, na mama aliyekuwa akiuza mboga mlangoni, au akipangisha chumba kimoja ili alipe karo, amepoteza kipato hicho.

Kinachosahaulika ni kwamba sheria yenyewe haikufunga mlango. Inasema fedha za ushuru ni za nyumba za bei nafuu pamoja na miundombinu inayoambatana nazo, na pia za kuwawezesha wananchi kupata mikopo nafuu ya nyumba. Kwa hiyo sehemu ya fedha hizo inaweza kwenda kwa anayejijengea bila kusubiri sheria mpya.

Ningeigawa hivi. Kwanza, mabomba na barabara katika mitaa ambayo watu tayari wanajenga, yakichimbwa kwa ukubwa wa mtaa utakavyokuwa baada ya miaka 20, na idadi ya sakafu ikitajwa ploti kwa ploti. Pili, michoro iliyokwisha kuidhinishwa, itolewe bure katika ofisi za wadi, ya nyumba zinazoanza na chumba kimoja na kuishia kwenye sakafu tatu au nne, pamoja na mkaguzi anayefika wakati wa msingi na wakati wa kumimina kila slabu. Mtu hukwepa idhini inapokuwa ghali na ndefu. Ikiwa ya bure na ya haraka, kisingizio kinaisha. Tatu, mikopo midogo ya hatua kwa hatua kupitia sacco na vikundi vya akiba, ya kuezeka au ya kumalizia ghorofa moja, inayolipwa kwa miaka miwili au mitatu badala ya 30. Majengo marefu yabaki mahali ambapo ardhi ni finyu mno kwa njia nyingine.

Kila mwaka kaunti huitisha vikao vya ushiriki wa umma kuhusu bajeti, na ukumbi wa Eastlands hujaa. Mara nyingi maswali huishia kwa nani atapewa nyumba. Ongeza mengine mawili: ni kilomita ngapi za bomba la majitaka zitachimbwa mtaani kwetu kwa fedha hizi, na ni mkaguzi yupi atakayesaini msingi wa anayejijengea? Afisa akiwa na majibu ya hayo, mtaa una mpango wa makazi. Akiwa na idadi ya fleti peke yake, mitaa mingi ya Eastlands itaendelea kujengwa kama ilivyojengwa tangu 1975, na mwananchi, usiku, kwa fedha yake, bila wa kumkagua.